Mikwaju Mitano na Kuku Mmoja

Mtu asiyewahi kupiga taipu ukimtajia mkwaju atafikiria mti, au penalti. Mkwaju wetu sisi wapiga chapa ni kile kijiti kilichoinama baina ya herufi na tarakimu kwenye namba ya barua, kile unachokiona kwenye SHY/MJ/K/14/2/9 na kukiruka bila kukifikiria. Mimi sikuweza kukiruka. Kilitaka kunitoa kazini mwishoni mwa miaka ya sabini, na hadi leo nikikiona kwenye barua ya mtu nakitazama kwa jicho la pembeni.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo mjini Shinyanga iliyoshughulika na majosho na chanjo za ng'ombe. Tulikuwa wanne: mkuu wa ofisi, mzee wa masijala aliyetunza mafaili, tarishi, na mimi. Nilikuwa mwanamke peke yangu na mdogo kuliko wote, kwa hiyo hata mbuzi akiingia ofisini nilitumwa mimi kumfukuza. Tena nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tu nithibitishwe kazini au nirudi kwetu Kharumwa.

Kurudi kwenyewe ningeweza kuvumilia kama si Mama. Mama alikwisha kusimama kanisani na kutoa shukrani kwamba bintiye anapiga mashine ya serikali. Hakusubiri uthibitisho. Shukrani ikishatolewa mbele ya waumini haina namna ya kurudishwa, na nilijua nikishuka kwenye lori na sanduku langu kichwani, Kharumwa nzima itataka kujua Mungu alishukuriwa kwa lipi. Nilikuwa nikilifikiria hilo lori mpaka chakula kinanishinda.

Mkuu wetu alikuwa mtu mpole mpaka umguse mikwaju. Ukimpelekea barua asaini, hakuanza kusoma habari iliyomo. Alianza juu, kwenye namba, akaigusa mikwaju mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu: mmoja, miwili, mitatu, minne, mitano. Ikitimia, alitabasamu na kusaini, na nina hakika zipo barua alizosaini bila kujua zilikuwa zinamwomba nani nini. Barua isiyo na mikwaju, alisema, ni porojo. Ofisi ya jirani yetu ilikuwa na mikwaju mitatu tu kwenye namba yake, na mkuu alikuwa akiwahurumia waziwazi.

Siku ya mkasa alikuja mzee mmoja kutoka Samuye kushukuru kwa josho la kijiji chao lililokarabatiwa. Alikuja na kuku jike mwekundu, mwenye macho ya dharau. Alisema wabeja mara nyingi, akainama, akamkabidhi. Kumkatalia mzee kama yule kuku wake ni kumtukana, kwa hiyo mkuu alimpokea kwa niaba ya ofisi, na sote tulijua ofisi hiyo ingeliwa nyumbani kwa nani. Kuku akafungwa kwenye mguu wa meza yangu kusubiri saa za kutoka kazini.

Sasa, mimi nilikuwa napiga taipu kwa nguvu. Chuoni walitufundisha kugusa, mimi nikawa natwanga, labda kwa sababu kwetu nilizoea kinu. Kwenye mashine zile kila kichwa cha herufi kililehemiwa kwa risasi kwenye mkono wake wa chuma, na kila kichwa kilibeba alama mbili, moja juu na moja chini. Mkwaju alipanga chumba kimoja na alama ya kuuliza. Nilikuwa kwenye mkwaju wa nne wa barua moja ndefu ya chanjo nilipoutwanga, kikasikika kitu kimeruka, na mkono wa chuma ukapanda mtupu na kutoboa karatasi, kaboni na nakala zake zote mbili.

Niliinama chini ya meza. Nilipapasa sakafu yote, nikasogeza kabati, nikakung'uta gauni mapajani. Nilimsogeza hata kuku, naye akanidonoa. Kipande kile kilikuwa kidogo, hakifiki punje ya hindi, na sikukiona. Tarishi alikuwa amepita na ufagio dakika chache tu baada ya kipande kuruka, nami kwa hofu nikamrukia kwamba ndiye aliyekifagia na kukitupa.

Nilikosea sana. Tarishi alikuwa mtu wa makamo, amefagia ofisi ile miaka mingi, na jambo alilojivunia duniani ni kwamba hajawahi kutupa kitu cha serikali. Alikwenda kwenye kona yake, akaleta kopo la maziwa, akalimwaga juu ya meza yangu: pini, vifungo, ncha za penseli, na jino la mtu ambalo mpaka leo sijui lilitokea wapi. Mkwaju haukuwamo. Akavikusanya kimoja kimoja, akaondoka, na tangu hapo akawa haniitikii vizuri hata nikimwamkia shikamoo.

Nikaamua kuficha. Kila namba ya barua niliacha nafasi, kisha nikachora mikwaju kwa kalamu nyeusi na rula, mitano mitano, iliyonyooka kuliko ya mashine. Mkuu aligusa, akahesabu, akasaini. Niliona nimeokoka. Akili yangu yote ilikuwa kwenye mikwaju, nikamsahau kabisa yule mpangaji mwenzake wa chumba. Mkuu alikuwa ameniamuru kuwauliza watu wa Samuye kama maji yamefika kwenye josho lao. Nilipiga: maji yamefika joshoni. Alama ya kuuliza haikuwepo, nami sikuichora. Barua ikaenda kwa baiskeli na mhuri juu yake.

Siku ya tatu yule mzee wa Samuye alirudi, na safari hii hakuja na kuku. Kijiji kizima kilikuwa kimeswaga ng'ombe mpaka joshoni kwa sababu serikali imesema maji yamefika, wakakuta josho limekauka na mjusi amelala ndani. Mkuu akaitazama nakala ya barua. Kisha akainusa. Kisha akalowesha kidole kwa mate na kukipitisha kwenye mkwaju wa kwanza, wino ukafuata kidole.

Hakupiga kelele, na hilo liliniogopesha zaidi. Aliniita na daftari langu, akanisomea barua niipige. Ofisi yenye mpiga chapa mmoja ndivyo ilivyo: barua zote hupigwa na huyo huyo, hata za kumsema mwenyewe. Niliipiga kwa heshima zote. Kichwa cha habari kilikuwa KUPOTEA KWA MKWAJU. Nilitakiwa kueleza kwa maandishi katika siku saba, (a) mkwaju ulikwenda wapi, na (b) mkwaju ni nini, jina hilo limetoka wapi na maana yake ni ipi, kwa kuwa mtu hawezi kutunza kitu asichokijua. Nikishindwa, mkuu hataona sababu ya kunithibitisha. Nilichora mikwaju yake mitano, nikamwandikia bahasha ndugu mpiga chapa, nikampelekea mkuu asaini. Tarishi akaichukua, akaizungusha masijala ikapigwe mhuri, akairudisha hatua sita kutoka ilipotoka, akanifungulia kitabu nitie sahihi kwamba nimepokea. Hakunitazama usoni.

Sehemu ya (a) sikuwa na la kusema. Sehemu ya (b) nilimwendea mzee wa masijala, mtu wa pwani, babu yake alikuja bara na biashara ya vitambaa na ukoo haukurudi. Alikuwa na jibu la kila kitu na hakuwa na haraka. Alisema asili ni mti wenyewe, ule unaotupa ukwaju wa kutia kwenye uji. Fito zake hazivunjiki, zinajipinda tu, na kila mwalimu wa chuo cha Kurani utotoni mwake alikuwa na ufito wake. Mti ukaipa fimbo jina, fimbo ikalipa pigo jina, ndiyo maana hata wacheza mpira wakasema mkwaju wa penalti. Na pigo linaacha mstari. Aliyeuona mstari huo ulioinama kwenye muundi wa mtoto, akaja kuuona kwenye karatasi, angeuita nini kingine? Hapo akapandisha suruali kunionyesha ushahidi. Hakukuwa na mstari wowote, miaka imeufuta, lakini alinionyesha mahali pake kwa fahari.

Nikamuuliza kwa nini serikali itie viboko kwenye barua. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza serikali ipi niliyowahi kuisikia isiyo na kiboko.

Nikapiga maelezo hayo vizuri, nikayapeleka. Mkuu aliyasoma yote, jambo la nadra. Kisha akayarudisha. Hii ni asili tu, alisema, nimeuliza na maana. Kwa nini kijiti kinakaa pale kinapokaa, kinafanya kazi gani? Zikabaki siku mbili. Mzee wa masijala alipoulizwa habari ya maana, alisema yeye ni mtu wa asili.

Ofisini alikuwa amebaki mtu mmoja sijamuuliza, na huyo ndiye niliyemsingizia kuutupa mkwaju. Usiku ule nilibishana na kiburi changu na kiburi kikashindwa. Asubuhi nilimkuta tarishi nje akipangusa baiskeli. Nikamwambia mwangaluka kwa Kisukuma, nikapiga goti la kweli, nikasema nilimkosea mbele ya watu na naomba radhi mbele ya hao hao akitaka. Alipangusa tairi la mbele. Akapangusa la nyuma. Akasema watu hawana haja, inatosha baiskeli imesikia.

Kisha nikamuuliza. Yeye kusoma kwake kulikuwa kwa kuunga, lakini barua za ofisi zote za mjini alizijua kwa kuhesabu vijiti, hajawahi kupeleka barua mlango usio wake.

"Kwetu mgeni haingii ndani na fimbo yake," alisema. "Anaiegemeza nje, ukutani. Ukipita ukaiona unajua mle ndani kuna mtu, na ameingia kwa adabu. Na hizi zenu ni hivyo hivyo, ng'wanawane, mwanangu. Mkoa una mlango, idara ina mlango, faili lina mlango. Kila mlango umeegemeza fimbo, ndipo barua ikaingia wa pili."

Nilisimama pale na kitambaa chake cha baiskeli mkononi, sijui nilikichukua saa ngapi. Chuo kizima cha uhazili hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo. Niliingia ndani, nikapiga maelezo mapya, asili ya mzee wa masijala na maana ya tarishi, na kwenye (a) nikaandika kwa ukweli kwamba sijui. Jumamosi mchana nikaweka mezani kwa mkuu, nikaenda chumbani kwangu kufunga sanduku.

Yaliyotokea nyumbani kwa mkuu Jumapili tuliyajua Jumatatu. Yule kuku alikuwa amewekwa uani atage, hakutaga, akachinjwa. Ikaja sahani ya mkuu, na ndani yake firigisi haimo. Msomaji wa huku kwetu sihitaji kumweleza. Firigisi ni ya baba. Kuku mzima anaweza kugawanywa kwa wageni, mtaa na mchungaji, lakini firigisi inasubiri sahani ya mwenye nyumba. Mkuu aliuliza firigisi yake iko wapi. Mkewe akajibu kwamba kuku huyu hakuwa nayo. Mkuu, mtu wa idara ya mifugo, akaambiwa nyumbani kwake kwamba yupo kuku asiye na firigisi. Alikula kwa kununa, akalala kwa kununa.

Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa mezani nikisubiri kuitwa. Mke wa mkuu akaingia na kisanduku cha kiberiti mkononi. Alikuwa mama mtulivu ambaye hakuwahi kufika ofisini, na sote tukasimama. Mkuu akatoka chumbani kwake.

"Kuku yule alimleta nani?" mkewe akauliza. "Nimemchana firigisi nikakuta chuma. Kina kijiti na ndoana. Nani anamtakia mabaya baba watoto wangu?"

Akafungua kiberiti na kumwaga kitu juu ya meza yangu. Mimi nilikijua kabla hakijatulia. Lakini tarishi ndiye aliyenyoosha mkono. Alikiokota, akakibonyeza kwenye pedi ya wino wa mhuri, akakigandamiza kwenye karatasi safi. Vikatokea vyote viwili, wapangaji wa chumba kimoja, mmoja ameinama na mwingine anauliza.

Mzee wa masijala alivua miwani akaipangusa. Mkuu hakuutazama mkwaju. Alikuwa akimtazama mkewe.

"Kumbe firigisi ilikuwepo," akasema.

Mkewe akasema alipoona chuma aliingiwa na hofu, akaitupa. Akaaga, akaenda zake.

Hapo nikajua nimepona, ingawa mkuu alichukua saa nzima kujua jambo hilo hilo. Maelezo yangu sasa yalitakiwa kukamilishwa sehemu ya (a), na sehemu ya (a) ilikuwa kwamba mkwaju wa serikali ulimezwa na kuku wa zawadi, aliyepokewa kwa niaba ya ofisi na kuliwa na mwenye ofisi. Niliketi mbele ya mashine, vidole juu ya herufi, nikamwuliza mkuu kwa unyenyekevu nipige nakala ngapi. Akatazama dari. Kisha akasema barua yake ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwa haraka, na mzee wa masijala airudishe, pamoja na majibu yake. Mzee wa masijala, ambaye hakuwahi kupoteza karatasi katika maisha yake, akasema kwa masikitiko kwamba zote mbili hazionekani.

Kipande kilipelekwa kwa fundi sokoni. Alikuwa ametumika karakana ya mgodi wa Geita mpaka ulipofungwa, na sasa alitengeneza saa na sufuria huku akilalamika kwamba vitu vya siku hizi ni vidogo. Alikilehemu imara, ila juu chini. Tulipojaribu, alama ya kuuliza ilitoka kichwa chini miguu juu. Nikauogopea mkwaju. Nikabonyeza kitufe cha herufi kubwa, nikapiga, ukatoka vile vile ulivyokuwa siku zote, umeinama kulekule. Tuliugeuza mezani, tukaugeuza tena. Mzee wa masijala akasema alikwishatuambia ni fimbo, na fimbo haina juu wala chini. Mkuu akaridhika. Akaagiza kwamba kuanzia siku ile ofisi haitauliza maswali kwa maandishi, atakayetaka kuuliza aende mwenyewe kwa baiskeli.

Wiki iliyofuata nilijipigia barua ya kuthibitishwa kazini. Niliigusa taratibu, sikutwanga. Mkuu akahesabu mikwaju mitano kwa ncha ya kalamu, akasaini.

Nilipopata likizo nilipanda lori la pamba mpaka Kharumwa, na barua nimeifunga kwenye kanga. Mama hakujua kusoma. Aliifungua juu ya mapaja yake, akaitazama sana, akaweka kidole juu kabisa na kuniuliza hivi vijiti ni nini. Nikamweleza alivyonieleza tarishi. Akavihesabu polepole, kidole juu ya kila kimoja, kama mkuu.

"Basi umepita milango mitano," akasema.

Nikamwambia ndiyo, na mmoja nimeupita tumboni mwa kuku. Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na nilipofika kwa mke wa mkuu akanikatiza kuuliza firigisi hasa aliila nani. Nikasema ilitupwa. Mama akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyesema mvua inatoka kwenye bati. Akasema mwanamke hatupi firigisi, anaosha tu.

Jioni akachinja jogoo. Baba alikuwepo, na baba mdogo, na sahani ya Baba ikaja kwanza kama ada. Akaipekua kwa kidole. Akanyanyua macho. Firigisi ilikuwa kwenye sahani yangu, nzima, juu ya ugali, na Mama amesimama nyuma yangu hajakaa. Mimi sikuwahi kuila. Mama mwenyewe sikuwahi kumwona akiila, labda siku alizokuwa anaosha. Baba akaitazama firigisi, akaitazama barua iliyokuwa imeegemezwa ukutani ili kila anayeingia aione. Akamega tonge lake, akala.

Nikaitia mdomoni. Nikaitafuna polepole sana, kwa sababu nilikuwa naogopa kukuta mkwaju.